Nyumba Iliyovushwa Barabara

Shemeji yangu Verlyn Kucera aliweza kukutajia kiwango cha kodi ya nyumba na ardhi cha kila kaunti ya Nebraska, zote tisini na tatu, bila kutazama karatasi. Asubuhi alipofika kwenye ghala la nafaka, ambako wazee wa kwetu hunywa kahawa, alikuwa hashuki moja kwa moja kuingia ndani. Alizunguka kwanza magari ya wageni, akisoma namba ya kaunti kwenye vibao na kutikisa kichwa.

"Huyu maskini analipa dola moja na senti tisini kwa kila mia," anasema. "Huyu wa vilima vya mchanga anakula raha. Na huyu hapa, Mungu amsaidie."

Kila Desemba, gazeti lilipochapisha viwango vya jimbo zima, Verlyn aligeuza kalenda ya kampuni ya mbegu, akavinakili mgongoni kwa penseli, kaunti ya nafuu juu na ya kuumiza chini. Alifanya hivyo miaka arobaini. Kaunti yetu ya Brandt haikuwahi kupanda juu ya nusu ya chini. Ellery, kaunti jirani, ilikuwa karibu na kilele, na hilo ndilo lililomla roho, kwa sababu Ellery ilikuwa mbele ya mlango wake. Barabara ya lami iliyopita mbele ya nyumba ndiyo mpaka. Upande wetu ulilipa dola mbili na senti tisa kwa kila dola mia ya thamani ya mali yako. Upande wa pili, dola moja na senti thelathini na nne.

"Ukisimama katikati ya lami," alipenda kusema, "mguu mmoja unanyonywa na mwingine unapumzika."

Mimi nilikuwa mmoja wa wanyonyaji. Nilipika katika shule ya Brandt miaka thelathini na mmoja, na mshahara wangu ulitoka kwenye kodi hiyohiyo. Kila Alhamisi tulipowapa watoto supu nzito ya maharage na nyama ya kusaga, pamoja na mkate wa mdalasini, Verlyn alinipigia simu jikoni. "Shemeji, nimekula nini leo? Maana nimeshalipa." Namjibu, "Umekula vizuri, shemeji, na vyombo hujaosha." Tulitaniana hivyo miaka mingi, na sikuwahi kudhani kwamba chini ya utani ule kuna mtu anayepiga hesabu kwa dhati.

Nyumba yenyewe haikuwa ya akina Kucera. Babu yetu ndiye aliyeijenga, mimi na dada yangu Ardis tulilelewa humo, na Ardis alipoolewa na Verlyn wakabaki humo na wazazi wetu mpaka wakawazika. Watoto hawakujaliwa. Mashamba yaliuzwa kipande kwa kipande, zikabaki ekari ishirini na nyumba. Ardis alipofika miaka sitini na minane macho yakaanza kumzimika, polepole, kuanzia katikati. Daktari alisema hakuna la kufanya. Alipotimiza sabini na miwili alikuwa amebakiwa na mwanga na kivuli tu.

Lakini ungeingia nyumbani kwake usingejua. Alimimina kahawa bila kumwaga, alikaanga mayai, alishuka ngazi za jikoni na kwenda kuanika nguo huku anaimba. Kila ukuta aliujua kwa vidole. Katika nyumba ya mtu mwingine alikuwa akikaa kwenye kiti kimoja kama mgeni aliyekatazwa kusogea, lakini kwake alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Verlyn alimwahidi, nami nikiwapo, kwamba atafia humo. Ardis hakutaka kingine chochote duniani. Alikuwa akinishika mkono na kuniambia, "Mdogo wangu, siku wakinitoa humu ndipo nitakapokuwa kipofu."

Mwaka ule wilaya ya shule ilipiga kura kujenga ukumbi mpya wa michezo, na bili ya Verlyn ikafika dola elfu tatu mia tatu ishirini na tatu. Wawili hao waliishi kwa pensheni na pesa kidogo za kukodisha zile ekari. Kulikuwa na msamaha wa wazee wenye kipato kidogo. Unajaza fomu, unataja unachopata, na sehemu kubwa ya deni inafutwa. Ardis alimwomba aijaze.

"Niende pale dirishani niseme mimi ni fukara?" Verlyn alimjibu. "Mbele ya wale mabinti wa ofisini, mchana wakasimulie mji mzima? Thubutu!"

"Ni karatasi tu, Verlyn."

"Basi waijaze wao."

Sisi watu wa kule tuko hivyo. Jirani akikuletea bakuli la viazi ukiwa mgonjwa, hulirudishi tupu hata kama unakufa. Kuomba serikali ikuhurumie ni aibu, ila kuikwepa serikali ni ujanja, na mjanja husifiwa. Nimeyaona haya maisha yangu yote na bado yananichefua.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa mezani kwao, mimi nikiwa nimeleta mikate yangu ya mdalasini, Verlyn akafuta mdomo na kusema amepata dawa. Akaitandaza kalenda mezani, mgongo juu.

"Tunavuka kwenda Ellery."

Ardis aliweka uma chini. "Mimi sihami."

"Nani kasema unahama? Nyumba ndiyo inahama."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikwisha ongea na Gaylen Stroh, mhamisha nyumba, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakibeba nyumba nzimanzima kwenye magurudumu tangu enzi za ukame. Alikwisha kubaliana na mtu wa ng'ambo ya barabara amuuzie ekari tatu za kona. Zile ishirini zetu angeziuza kwa jirani, bei ilikuwa nzuri, na pesa hizo zingemlipa Gaylen na kulipia msingi mpya, kisima na umeme. Nyumba ilikuwa imethaminiwa dola elfu themanini na nne. Ukijumlisha ekari tatu za kona, elfu tisini. Zidisha kwa kiwango cha Ellery, unapata elfu moja mia mbili na sita.

"Kwa mwaka!" alisema, akigonga meza. "Na Ardis haondoki ndani ya kuta zake. Niambie kosa liko wapi, shemeji. Wewe ndiye msomi wa jikoni."

Nililitafuta kosa sikuliona. Namba ni namba. Ardis aliuliza jambo moja tu, kama kuta zitabaki zilivyo, na Verlyn akamwapia kwamba hata msumari hautasogea.

Siku ya kuhamisha ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Watu walikuja na viti vyao vya kukunja na termosi za kahawa, wakajipanga kandokando ya shamba kama wanatazama maandamano ya sikukuu. Kwetu kuna desturi: kabla nyumba haijanyanyuliwa, mwenye nyumba anajaza glasi ya maji mpaka ukingoni na kuiacha juu ya meza ya jikoni. Ardis aliijaza mwenyewe, akipima kwa ncha ya kidole.

"Mama Ardis," Gaylen alimwambia, "likimwagika tone moja nakurudishia hela yako yote."

"Na vikombe vya mama yangu?"

"Kimoja kikipasuka nakuletea mke wangu aje akuoshee vyombo mwaka mzima."

"Mkeo ana kosa gani?" alisema Ardis, watu wakacheka.

Nilikaa naye ndani ya pikapu, kioo kikiwa chini, mkono wake kwenye paja langu. "Niambie," alikuwa akisema kila dakika. Nikamwambia imetoka kwenye shimo la msingi wake. Nikamwambia inapita pale mama alipokuwa na waridi. Nikamwambia imefika barabarani.

"Inalia?"

"Inalia kidogo."

"Nasikia," alisema.

Nyumba ilipokuwa imekaa kwa upana juu ya lami, polisi wa pande zote mbili wamezuia magari, Verlyn alisimama kwenye mstari wa njano na kutanua mikono. Mtu mzima wa miaka sabini na sita. "Jiko liko Ellery na chumba cha kulala bado kiko Brandt!" alipiga kelele. "Haya, nilipe wapi?" Walipiga makofi mpaka waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, wala kabla wala baada.

Upande wa pili Gaylen aliigeuza. Ilibidi. Kule tulikotoka barabara ilikuwa kaskazini mwa nyumba, na mlango wa mbele uliitazama. Sasa barabara ilikuwa kusini. Gaylen akaizungusha nusu duara ili mlango utazame barabara tena, maana hakuna mtu kwetu anayejenga nyumba ikaipa barabara mgongo. Nilikuwapo, niliitazama ikigeuka pole pole juu ya yale magurudumu, na sikuwaza kitu. Verlyn hakuwaza kitu. Watu sitini walitazama na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Walipomaliza kuishusha juu ya msingi, Ardis aliingia kwa vidole vyake. Akagusa fremu, kabati, ukingo wa meza. Vikombe vilikuwepo vyote. Glasi ilikuwa imejaa mpaka juu. Aliinyanyua akainywa yote kwa mkupuo, Verlyn akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawalifanyi.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu yangu ililia.

"Marlys," alisema dada yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jua limehamia chumbani."

Ndipo nilipoelewa. Kuta hazikuwa zimesogea, lakini Ardis hakuwa akitembea kwa kuta peke yake. Alikuwa na mwanga. Miaka sabini jua lilichomoza jikoni kwake na kuzama kwenye dirisha la chumba cha kulala. Weupe wa upande huu ulimwambia ni asubuhi, weupe wa upande ule ulimwambia ni jioni, na hivyo ndivyo alivyojua yuko wapi na ni saa ngapi. Sasa kila kitu kilikuwa kinyume. Alisimama katikati ya ukumbi wake mwenyewe asijue ageukie wapi.

"Utazoea, mke wangu," Verlyn alimwambia.

Hakuzoea. Majira ya baridi, mwanga ulipokuwa hafifu, alijitahidi. Lakini ilipofika masika alikuwa na alama za bluu kwenye nyonga na mapaja. Alikuwa akiamka usingizini mchana, anaanza kupika kahawa ya asubuhi. Na msingi mpya ulikuwa mrefu. Ngazi za mlango wa jikoni zilikuwa tatu, sasa zilikuwa sita, za zege. Nilimwambia Verlyn aweke mahali pa kushika. Akasema ataweka. Pesa zilikuwa zimekwisha haraka kuliko alivyotarajia, kisima peke yake kilikula mara mbili ya alivyokadiria, na alisema ataweka mara tu atakapoona ile bili ya elfu moja mia mbili na sita kwa macho yake.

Juni ilikuja barua ya kaunti ya Ellery. Haikuwa bili, ilikuwa taarifa ya thamani. Verlyn aliifungulia mezani, mimi nikiwa namsuka Ardis nywele.

"Wamekosea," alisema. Halafu akasema tena, "Hawa wamekosea."

Nyumba na kona yake: dola laki mbili na elfu sitini na nane.

Nilimpeleka Verlyn kwenye ofisi ya kaunti siku hiyohiyo. Mthamini wa kaunti aliitwa Tami Oestreich, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani kwenye mkufu. Alimpa kiti. Verlyn hakukaa.

"Binti yangu, umeongeza tarakimu."

"Sijaongeza, mzee Kucera. Nimeandika kile ambacho nyumba kama yako inauzwa huku."

"Huku kiwango ni moja na thelathini na nne! Nimekifuatilia miaka arobaini!"

"Ni kweli. Kiwango chetu ni kidogo kwa sababu thamani zetu ni kubwa. Watu wa Omaha wamejenga kule ziwani, nyumba za nusu milioni. Kaunti ikiwa na mali ya bei namna hiyo, haihitaji kiwango kikubwa kupata pesa za kutosha. Brandt hawana ziwa."

"Mimi siko ziwani."

"Uko maili sita tu kutoka ziwani, mzee. Kwenye lami. Una msingi mpya, nyaya mpya, kisima kipya."

"Ina miaka mia moja na kumi ile nyumba!"

"Hiyo ndiyo wanayoipenda," alisema Tami, na naapa alisikitika.

Ndani ya gari nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Elfu tatu mia tano tisini na moja. Zaidi ya Brandt, na ekari ishirini hazipo tena, na pesa za ekari ziko chini ya nyumba zimegeuka zege. Miaka arobaini mtu huyu alinakili safu moja ya gazeti. Safu ya thamani ilikuwa pembeni yake, upana wa kidole. Hakuwahi kuitazama, na mimi niliyejifanya mjuaji sikuwahi kumwambia aitazame. Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, sikufanya lolote kati ya hayo.

Akakata rufaa. Baraza la kaunti huketi Julai kusikiliza malalamiko, kila mtu dakika kumi. Verlyn alinitaka niende naye nishuhudie umri wa nyumba, kwa kuwa nimekulia humo. Ardis alisema yeye atapumzika kitini, nenda ukamtetee huyu mzee kabla hajafa kwa hasira. Tulimwachia mkate wenye nyama na glasi ya chai baridi. Ilikuwa saa saba mchana. Tulipangiwa saa nane na nusu, na kungekuwa na haki duniani tungekuwa nyumbani saa kumi.

Tuliitwa saa kumi na moja kasoro. Watu wa ziwani walikuwa mbele yetu na mawakili wao.

Verlyn alisimama na kalenda yake. Alikuwa ameleta kalenda kumi na mbili, zimefungwa kwa mpira. Wale watano mezani walimwangalia kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko dharau.

"Nauliza swali moja tu," alisema. "Nani mwenye akili timamu atatoa laki mbili na elfu sitini na nane kununua nyumba ya babu yake na Marlys?"

Mwenyekiti alikuwa mkulima, mikono yake ilionyesha. "Wewe ungeiuza kwa ngapi, Verlyn?"

"Siuzi."

"Kama ungeuza."

"Nimesema siuzi! Mke wangu haoni. Siwezi kuiuza hata kwa milioni."

"Basi hatuna bei yako ya kuiweka badala ya hii," alisema mwenyekiti. Akatazama karatasi zake. "Pole, ndugu yangu. Utaandikiwa barua."

Tukaondoka kurudi nyumbani. Jua lilikuwa machoni mwetu muda wote, nikashusha kile kibati cha kuzuia jua. Tulipofika, mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Alikuwa chini ya zile ngazi sita, ubavu kwa ubavu na kapu la nguo. Alikuwa amelala hapo zaidi ya saa nzima, midomo imekauka, amejikojolea, na alipotusikia alisema samahani. Dada yangu aliomba samahani. Nyonga ilikuwa imevunjika pande mbili.

"Niliona mwanga mlangoni," aliniambia ndani ya gari la wagonjwa. "Nikadhani kumekucha. Nikasema nianike kabla ya kahawa." Halafu akasema, "Nilihesabu tatu."

Verlyn alikuwa amekaa upande wa pili, amemshika miguu juu ya blanketi. Alisikia. Niliona uso wake alipolisikia lile neno, na tangu siku hiyo hasira yangu kwake iliniishia, ikabaki ile ya kujikasirikia mwenyewe.

Baada ya upasuaji ikaja homa ya mapafu, na baada ya homa hakuweza tena kusimama. Akapelekwa nyumba ya wazee mjini Brandt, kitanda karibu na ukuta, chumba asichokijua kwa vidole wala kwa mwanga. Dola elfu saba mia tisa kwa mwezi. Serikali husaidia ukishamaliza chako, kwa hiyo kwanza unamaliza chako. Verlyn hakuwa na ekari ya kuuza. Alikuwa na nyumba.

Ilikaa sokoni siku nne. Mtu na mkewe kutoka Omaha walitoa dola laki mbili na elfu sabini na moja, hata hawakuomba kupunguziwa. Mke aliguna kwa furaha alipoona makabati ya babu. Verlyn alisaini mahali pote alipoonyeshwa. Kwenye pikapu aliwasha injini, akaizima.

"Yule binti alikuwa sahihi, shemeji," alisema. "Tena alinihurumia kidogo."

Sasa anakaa chumba kimoja nyuma ya kanisa, amepanga. Desemba gazeti lilitoka na viwango vyote tisini na tatu. Nililikuta chini ya viatu vyake vya theluji, halijafunguliwa. Kwenye ghala la nafaka hazunguki magari. Wenzake walijaribu kumtania mara moja, wakaacha.

Kila siku saa nne asubuhi anakwenda kwa Ardis. Hakumwambia kwamba nyumba imeuzwa. Alinikataza nami nisimwambie, akaniapisha. "Acha awe na mahali pa kurudi," alisema, "hata kama ni kichwani." Anakaa kando ya kitanda na kumsimulia nyumba. Kwamba mfereji wa paa umeziba majani amezibua. Kwamba dirisha la ngazini linaingiza upepo. Anayatunga yote, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema ila namba.

Februari nilikwenda peke yangu, Verlyn alikuwa na mafua. Nilikuwa namlisha Ardis mchuzi wa kuku, akanishika mkono kijiko kikiwa njiani.

"Wale wa Omaha," alisema. "Ni kweli wamebomoa ukuta wa jiko?"

Mchuzi ulinimwagikia. "Nani kakuambia?"

"Wauguzi wanaongea kama vile hata masikio yangu yamekufa. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Wamefanya chumba kimoja kikubwa.

Machozi hayakutoka, macho yake yale hata kulia yamechoka. "Verlyn asijue kwamba najua," alisema. "Umesikia, Marlys? Akijua atakosa la kuja kuniambia."

"Nimesikia, dada."

Jumatatu Verlyn alikuwa amepona, tukaenda pamoja. Alivua kofia, akamgusa Ardis paji la uso, akavuta kiti.

"Leo nimepaka rangi mlango wa jikoni," alisema.

"Rangi gani?"

"Ileile ya kijani."

"Na ukuta je? Ule wa kabati?"

Alinitazama kidogo, kisha akayashusha macho yake magotini. "Upo vizuri," alisema. "Nitaufuta wiki hii."

"Usitumie sabuni kali," alisema Ardis, na akaunyoosha mkono wake kwenye ukuta wa nyumba ya wazee, akaupapasa juu na chini, kana kwamba anaonyesha wapi.

Nilitoka nje kutafuta kahawa. Sikuihitaji.